Mtihani mmoja usibebe hukumu yote
Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, ya 2023, yaliyotangazwa Eldoret Januari 2024, yalionyesha kwamba kati ya watahiniwa 899,453, ni 201,133 tu waliopata C+ na zaidi, alama ya kujiunga na chuo kikuu. Kijana wa Cheptiret, si mbali na Chuo Kikuu cha Moi, hupimwa miaka yake minne ya sekondari kwa majuma machache ya mtihani huo. Sitaki mtihani ufutwe: bila kipimo cha pamoja, shule zenye majina makubwa zingependelewa zaidi. Lakini KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, tayari inahesabu asilimia 20 kutokana na kazi za darasani, na mtihani utakaorithi KCSE katika mtaala mpya ufuate njia hiyo. Wanaohofia walimu kugawa alama ovyo wana hoja nzito. Basi Baraza la Mitihani la Kenya (KNEC) likague sampuli za kazi hizo, kaunti kwa kaunti, kabla ya kuzikubali.