NHL Inatuhusu Hata Sisi wa Donholm

Wasee, leo tuongee kuhusu gemu ambayo wengi wenu hamjawahi kuishika: hoki ya barafu. Namaanisha NHL, ile ya EA, kampuni ileile inayotuuzia gemu ya kandanda kila mwaka na kubadilisha jezi. Msimamo wangu ni huu: ukitaka kujua EA inatuona vipi sisi wa kucheza kwa PS mtaani, usiangalie kandanda. Angalia NHL. Na tukimaliza hapo, nitawaambia kwa nini bado nataka kuiona hiyo diski kwa vibanda vyetu.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Buda, barafu na Donholm wapi na wapi?" Karibu kuliko unavyodhani. Shika Outer Ring, tokea upande wa Mombasa Road, utafika Panari. Pale ndani kuna uwanja wa barafu uliofunguliwa mwaka wa 2005, wa kwanza Afrika Mashariki. Ni mdogo kuliko uwanja rasmi, lakini ndio nyumbani kwa Ice Lions, timu ya hoki ya Wakenya. Wengi wao walianza na viatu vya magurudumu kwa lami, halafu wakahamia barafuni. Kwa muda mrefu hawakuwa na timu nyingine ya kucheza nayo, wakawa wanagawanyika wenyewe kwa wenyewe. Mwaka wa 2018 kampuni ya kahawa ya Canada, Tim Hortons, iliwapeleka huko kwa ajili ya tangazo. Wakacheza mechi yao ya kwanza dhidi ya timu nyingine, na kwa chumba cha kubadilishia wakaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi ya Kenya na kucheza upande wao. Mwaka wa 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa IIHF, shirikisho la dunia la hoki ya barafu.

Kwa hivyo tusiambiane hii ni michezo ya wenyewe. Philip Boit aliteleza kwa theluji Olimpiki ya Nagano mwaka wa 1998 akiwakilisha Kenya. Sabrina Simader akafanya hivyo Pyeongchang mwaka wa 2018. Sisi tushafika huko kitambo. Kilichobaki ni kujizoesha kujiona huko.

Sasa turudi kwa gemu. NHL ya kwanza ya EA ilitoka mwaka wa 1991 kwenye mashine ya Sega. Ile ambayo wazee wa gemu hawajaisahau ni NHL 94. Ilileta kitu kimoja rahisi: mwenzako akikupa pasi, unaweza kupiga shuti palepale bila kuutuliza mpira, yaani kile kisahani cheusi cha raba. Hiyo tu. Kwa kandanda tungesema kupiga "first time". Ilibadilisha mchezo mzima, kwa sababu sasa kipa hana muda wa kuhama. Mpaka leo kuna watu wazima wanaandaa mashindano ya NHL 94, na mwaka wa 2020 EA yenyewe iliirudisha kama zawadi kwa walioagiza NHL 21 mapema, ikiwa na timu za kisasa. Gemu ya picha za kuhesabu vidoti ilirudishwa baada ya zaidi ya miaka 25 kwa sababu ilikuwa tamu kwa mikono.

Halafu kukaja NHL 07. Hapo ndipo fimbo ya kulia ya padi ilipogeuka kuwa gongo lenyewe. Unaisukuma kushoto na kulia, mchezaji anachezesha gongo kushoto na kulia. Unairudisha nyuma halafu mbele, anapiga shuti. Hakuna kitufe cha kukariri. NHL 09 ikaongeza ligi ya mtandaoni ambapo kila mchezaji uwanjani ni mtu halisi, sita kwa sita. Watu walitengeneza timu, wakapangana nani ni kipa, nani ni beki. Gemu ilisifiwa sana, na kwa haki.

Wakati huo EA ilikuwa na mpinzani. Kampuni ya 2K ilikuwa inatoa gemu yake ya NHL, na kila mmoja alijua akilala mwenzake anamla. Baada ya NHL 2K11, iliyotoka 2010, 2K iliachana na hoki ya konsoli. EA ikabaki peke yake uwanjani. Mnajua vile mambo huenda kukiwa na matatu moja tu kwa stage: nauli inapanda, muziki unazimwa, na makanga anakuambia ukitaka panda, hutaki shuka.

Mwaka wa 2014 ikatoka NHL 15, ya kwanza kwa PS4 na Xbox One. Picha zilikuwa moto. Jezi zinapepea, mashabiki mmoja mmoja wanaonekana sura. Lakini ukifungua menyu, vitu havipo. Ile ligi ya sita kwa sita, hakuna. Mfumo wa kuendesha timu na marafiki mtandaoni, hakuna. Kazi ya mchezaji mmoja imekatwakatwa. Na cha kushangaza, waliobaki na PS3 walipata gemu ya jina hilohilo yenye modi nyingi kuliko ya aliyenunua mashine mpya. Wahakiki waliishusha alama na wachezaji wakawaka. Baadhi ya vitu vikaletwa kidogokidogo miezi iliyofuata, na NHL 16 ikarudisha ile ligi.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Kilichoirudisha ligi ni kelele za wachezaji. Hakukuwa na gemu nyingine ya kuhamia, kwa hivyo walichobaki nacho ni sauti, na sauti ilifanya kazi. Lakini ilifanya kazi kwa sababu ni sauti za watu wanaohesabika. Kila mmoja ana diski yake, akaunti yake, kadi yake ya benki.

Sasa angalia sisi. Kwa kibanda cha PS, diski moja inachezwa na makumi ya vijana kwa wiki, kila mechi mbao au zaidi kidogo. Mara nyingi hiyo diski yenyewe ilinunuliwa mkono wa pili. Kwa hesabu za EA, vijana wote wa hicho kibanda ni mnunuzi mmoja, au hata sifuri. Tunaijua gemu kuliko wengi wanaoinunua mpya, lakini kwa vitabu vyao hatupo.

Matokeo yake yanaonekana. Kila mwaka nguvu nyingi inaenda kwa modi za mtandaoni za kukusanya kadi za wachezaji, zile ambazo ukiwa na pesa unafungua pakiti na ukikosa unangoja. Ni vilevile kwa kandanda, ni vilevile kwa hoki. Mtu wa kulipa kwa mechi pale kwa PS hafungui pakiti yoyote. Halafu mwaka wa 2024 NHL 25 ikatoka kwa PS5 na Xbox mpya peke yake. Huku mtaani vibanda vingi bado vinaendesha PS4, vingine PS3. Na wenye kompyuta wasiulize: NHL ya mwisho ya kompyuta ilikuwa NHL 09.

Niwe mkweli, EA wana hoja. PS4 ilitoka mwaka wa 2013, na huwezi kubeba mashine kuukuu milele. Hoki pia haiuzi kama kandanda, kwa hivyo timu ya kuitengeneza haina bajeti ya kuchezea. Nakubali. Lakini hoja hiyo inaeleza kwa nini wanaacha mashine ya zamani. Haielezi kwa nini, wakiwa na uwanja wote peke yao tangu 2K iondoke, watu bado wanalalamika kila mwaka kwamba wameuziwa ya mwaka jana.

Na hapa kuna kitu kitamu. Mashine yetu kuukuu inatukinga. Kibanda hakihitaji seva ya mtu. NHL 24 ya diski kwa PS4, padi mbili, watu wawili kwa benchi moja, mnacheza. Mwenye kibanda akiogopa kwamba mechi ni ndefu kwa sababu hoki ina vipindi vitatu, anaweza kupunguza muda wa kila kipindi. Weka dakika mbili mbili, ni dakika sita za mchezo, foleni inasonga na yeye anahesabu pesa yake. Fimbo ya kulia inafundishika kwa mechi moja. Sheria ya kuotea ni tofauti na ya kandanda, mtaizoea mkilalamika.

Kwa hivyo ombi langu la kwanza ni kwa wenye vibanda kuanzia Savannah mpaka Phase 8: tafuteni diski moja ya zamani, muiweke wikendi moja, muone. Si lazima kila mtu aipende. Lakini mtoto atakayeipenda akijua Panari iko hapo tu, na kwamba kuna Wakenya wanaicheza kwa miguu yao, huyo tumempa mlango.

Ombi la pili ni kwenu mnaotengeneza gemu. Ukifungua NHL hutapata timu ya Kenya, na tukingoja EA ituweke tutazeeka. Lakini tushawahi kujiweka wenyewe. Ma3Racer iliweka matatu kwa simu. Nairobi X ya Andrew Kaggia, mwaka wa 2015, ilileta vita vya wageni wa anga katikati ya jiji letu. Mimi nataka hoki ya magurudumu, ya simu ya bei ya chini, uwanja ni lami ya maegesho, goli ni mawe mawili, na ukishinda vya kutosha unapelekwa barafuni na simba kifuani. Haihitaji jezi zinazopepea. NHL 94 ilishatuonyesha kinachohitajika: wazo moja zuri, na mikono inayotaka kurudia.

Mwenye kuunda, niko tayari kuijaribu na kuisema kila mahali. Mwenye kibanda mwenye NHL tayari, niandikie hapo chini uko stage gani. Nakuja na mbao zangu.