Dogo Akikua, Aandikweje?

Mashabiki wa Bongo Fleva, kuanzia vijiwe vya Ngara Mjini hadi stendi ya Biharamulo, wana haki ya kuuliza: msanii mtoto anakua lini machoni pa wanahabari?

Aslay Isihaka tulimjua akiwa mvulana, mwanzoni mwa miaka ya 2010, kwa wimbo "Naenda Kusema". Alilelewa kimuziki Temeke, kwenye kundi la Mkubwa na Wanawe la Said Fella. Tulimwita Dogo Aslay, na jina likaganda. Ikaja Yamoto Band, akiwa na Mbosso, Beka Flavour na Enock Bella. Kufikia 2017 alikuwa anasimama peke yake, sauti imekomaa, nyimbo zikitoka mfululizo. Wapo waliomng'ang'ania dogo wao hata hivyo.

Udogo huo, tukubali, unauza. Ukiisha, kurasa za burudani hugeukia mapenzi ya msanii, kana kwamba kutimiza miaka 18, umri ambapo Sheria ya Mtoto ya 2009 inaukomesha utoto, ni ruhusa ya kumwanika.

Ukanda wa Ngara na Biharamulo una sababu ya kulikataa hilo: Radio Kwizera ilianza Ngara mwaka 1995 ikiwahudumia wakimbizi, watu ambao uvumi ungeweza kuwaponza. Ukanda wenye historia hiyo haustahili udaku wa kuokoteza. Mtangazaji akimpata kijana aliyeanza muziki utotoni kama Aslay studio, amuulize kuhusu utunzi, mirabaha, na nani alimsainia mkataba wa kwanza alipokuwa mtoto.