Alama za Mtihani na Mganga wa Kesho

Jumapili iliyopita, nilipokuwa nikitoka kanisani, mama mmoja wa mtaa wa Ndosho alinisimamisha mlangoni. Alikuwa amemshika binti yake mkono, kana kwamba binti angekimbia. "Jambo, Mwalimu," akasema. "Mtoto huyu amepata 57 katika Mtihani wa Serikali. Tangu utoto wake hana neno lingine ila udaktari. Sasa baba yake mdogo anasema kwamba mwenye 57 hawezi kuwa mganga, na kwamba tutatupa fedha bure. Wewe uliyesoma, utuambie: namba hiyo imemfungia mlango, au haikumfungia?"

Sikumjibu papo hapo. Swali lake si lake peke yake. Kila mwaka matokeo yakitoka, Goma nzima huchachamaa: vijana humwagiwa poda nyeupe kichwani, pikipiki hupiga honi toka Birere mpaka Katindo, na waliokosa hujificha nyumbani kana kwamba wameiba. Baada ya siku mbili tatu kelele hutulia, ndipo wazazi huanza kuhesabu fedha na kuulizana: mtoto huyu aende wapi? Kwa hiyo namjibu mama yule hapa, ili na wengine wasikie.

Kwanza tuutazame mtihani wenyewe, ule ambao watoto huuita Exetat. Ulianza mwaka 1967. Kabla ya hapo shule zenyewe ndizo zilizokuwa zikiwatahini wanafunzi wao wa mwisho. Tangu mwaka ule maswali ni mamoja kwa nchi nzima, toka Matadi mpaka Beni. Mtoto huandika insha, husimama mbele ya wasahihishaji na kujibu kwa kinywa, halafu kwa muda wa siku kadhaa hujibu maswali ya kuchagua jibu moja kati ya mengi. Karatasi zile hupelekwa Kinshasa zikasomwe na mashine. Apataye 50 kwa mia amefaulu, na mlango wa chuo kikuu hufunguka mbele yake, ijapokuwa vyuo vingi huwapa wanaotaka uganga mtihani mwingine wa kuingilia.

Basi, nataka kuusifu mtihani huo kabla sijaulaumu. Mashine haijui kama mtoto ni wa Masisi au wa Lubero. Haijui ukoo wake, haiulizi kama baba yake ana gari, wala haimwonei haya mkubwa wa mji. Katika jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, ambapo mtu huulizwa kwanza yeye ni mwana wa nani, jambo hilo si dogo hata kidogo. Nilipokuwa kijana niliona katika shule moja, ambayo sitaitaja, nafasi ya masomo ikitolewa bila mtihani wo wote. Tuliambiwa kwamba itatolewa "kwa kutazama tabia". Ikapewa mpwa wa aliyekuwa akitazama. Tangu siku ile, mtu akiniambia kwamba alama za mtihani zitupwe mbali, mimi humwuliza: mahali pake utaweka nini, na ni nani atakayeshika kalamu? Mtoto wa mkulima hana mjomba ofisini. Ana karatasi ile tu.

Lakini karatasi ile inasema nini hasa? Inasema kwamba siku ile, kwa maswali yale, mtoto huyu alijua mambo kadha wa kadha. Haisemi aliyapata wapi wala kwa taabu gani. Fikirini vijana wawili. Mmoja anakaa Himbi. Nyumbani mwao kuna taa, meza, na kaka anayemfundisha hesabu jioni. Wa pili ni wa Rutshuru. Mwaka 2022 vita vilipofika kwao alikimbia na mama yake mpaka Kanyaruchinya, akaacha madaftari yake yote, akakaa chini ya turubai juu ya mawe ya volkano, akichota maji asubuhi na kutafuta shule ya kumpokea mchana. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita vikaingia hata Goma kwenyewe, na kambi zile zikavunjwa, akahama tena. Wa kwanza akipata 70, na wa pili 57, ni nani aliyepanda mlima mrefu zaidi? Mashine ya Kinshasa haiwezi kutujibu, maana haikuulizwa.

Tena yako mambo ambayo sisi walimu tunayajua na kuyanyamazia. Wako watoto wanaomaliza kitengo cha Biolojia na Kemia bila kushika chupa ya kupimia hata siku moja. Mwalimu huchora chupa ubaoni, nao huichora daftarini. Na wako wanaopata alama kubwa kwa sababu majibu yaliwafikia kwa simu. Alama ya namna hiyo si alama, ni bidhaa. Aliyeinunua akiingia katika uganga, atanunua na za mwaka wa kwanza na za mwaka wa pili, mpaka siku atakaposimama mbele ya mama anayetokwa na damu. Siku hiyo hapatakuwa na wa kumwuzia jibu.

Historia ya nchi yetu ina mfano ambao vijana hawaufahamu. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya Uhuru, hapakuwa na Mkongo hata mmoja aliyekuwa akifanya kazi nchini kwa shahada kamili ya udaktari. Chuo kikuu cha Lovanium kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu. Je, Wakongo hawakuwa na akili ya uganga? La, hasha! Walikuwapo wasaidizi wa waganga zaidi ya mia, waliosoma Kisantu na Léopoldville, wakipasua, wakizalisha, wakiendesha hospitali nzima mahali ambapo daktari wa Kizungu alipita mara chache. Lakini sheria na desturi za wakati ule ziliwawekea kikomo: hapa ndipo mwisho wenu. Uhuru ulipofika na madaktari wa Kibelgiji kuondoka kwa wingi, makumi ya wasaidizi wale walipelekwa Ufaransa kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Baada ya miaka michache tu ya kusoma, walirudi wakiwa madaktari kamili. Waliotangaziwa kwamba wamefika mwisho walikuwa karibu sana na mlango.

Sasa niwakumbushe jambo la juzi. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ule ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020, ukaua watu zaidi ya 2,200, na mwezi wa Julai 2019 ukafika hata hapa Goma. Dawa zilikuwapo, chanjo ilikuwapo, wenye elimu walikuwa wengi. Kilichopungua mara nyingi ni imani ya watu. Kule Beni na Butembo wengi walikataa kuchanjwa, wakaficha wagonjwa, wakawapiga mawe waliokuja kuzika. Tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu cha Graben, Butembo, alipokuwa kazini. Mganga aliyefaa wakati ule ni yule aliyeweza kuketi na wazee barazani, akaulizwa maswali ya matusi, akajibu kwa upole, akarudi tena kesho yake. Ni swali gani la kuchagua jibu moja kati ya mengi lingeweza kumtambua mtu wa namna hiyo?

Labda msomaji mmoja atasema: "Mwalimu, sasa unajipinga. Kwanza umesema mtihani ni ngao ya maskini, sasa unasema hautoshi." Ndivyo hasa nisemavyo, na si mimi peke yangu niliyekwama hapo. Huko Ubelgiji, Waflemi waliweka mtihani wa kuingia uganga mwaka 1997, na wale wa lugha ya Kifaransa wakaweka wao mwaka 2017. Huko Marekani hospitali zilizoea kuwachagua madaktari vijana wa kufundishwa upasuaji na kazi nyingine za ubingwa kwa kutazama namba waliyoipata katika mtihani wa kwanza wa leseni. Vijana wakaacha kukaa na wagonjwa, wakakaa na vitabu vya kukariri. Mwezi wa Januari 2022 namba ile ikaondolewa. Ikabaki kusema amefaulu au hakufaulu. Na ikawaje? Hospitali zikageukia namba ya mtihani wa pili! Mwanadamu hupenda namba, kwa maana inampunguzia kazi ya kufikiri.

Chuo kikuu cha Makerere, kule Uganda, kilijaribu njia nyingine mwaka 1990: wasichana waliongezewa alama moja na nusu wakati wa kuchaguliwa, kwa sababu ilijulikana wazi kwamba msichana na mvulana hawakupewa saa sawa za kusoma nyumbani. Wako waliolalamika, na bado wapo. Mimi naona wazo lenyewe lilikuwa la haki: namba husomwa pamoja na mahali ilikotoka.

Lakini njia inayonipendeza kuliko zote ni ile ya chuo cha McMaster, katika nchi ya Kanada, iliyoanza kutumika mwaka 2004 na kuenea katika nchi nyingi. Kijana aliyekwisha faulu kwa alama hupitishwa katika vyumba kama kumi, kimoja baada ya kingine. Katika kila chumba yumo mtahini mmoja, na kijana hupewa jambo moja na dakika chache: mweleze mtu aliyekasirika kwa nini umechelewa, sema utafanyaje ukiona mwenzako anaiba dawa. Kila mtahini huandika hukumu yake peke yake. Tazameni hekima yake kwa mji kama wetu. Mtahini mmoja hununuliwa kwa bahasha moja. Anayetaka kuwanunua kumi lazima awe na bahasha kumi, na midomo kumi inyamaze. Tena mtahini mmoja akimchukia kijana kwa sababu ya kabila lake, wako tisa wengine wa kumpima.

Nilipokuwa seminarini mapadri walikuwa na daftari mbili. Ya kwanza ilikuwa ya alama. Ya pili hatukuiona kamwe, lakini tulijua imo: nani aliamka usiku kumpelekea maji mwenzake mwenye malaria, nani alijificha siku ya kulima, nani alimcheka mpishi. Wako waliokuwa wa kwanza darasani wakaambiwa warudi nyumbani. Nakiri kwamba daftari ile ya pili haikuwa na haki siku zote, kwani iliandikwa na mkono mmoja, na mkono mmoja huchoka, hupenda na kuchukia. Hata hivyo, ikiwa padri mtarajiwa alitazamwa hivyo, sioni kwa nini daktari mtarajiwa atazamwe kwa namba peke yake, naye ndiye tutakayemvulia nguo na kumkabidhi watoto wetu.

Hapa Goma tuna masomo ya uganga katika Chuo Kikuu cha Goma na katika ULPGL; Butembo iko Graben, na Bukavu kiko Chuo Kikuu Katoliki. Laiti wakuu wao wangekubaliana kuyafanya haya: alama ziwe kizingiti, na asiyekivuka asisukumwe ndani na mtu ye yote, mtihani wa kuingilia usahihishwe bila jina, kisha viwepo vyumba kadhaa, na ndani ya chumba kimoja angalau akae muuguzi mzee, kwa maana hao huwajua madaktari kuliko maprofesa wanavyowajua. Tena kijana wa Walikale au wa Pinga atazamwe kwa jicho la pekee. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kuwachukua wanafunzi waliokulia vijijini, kwani imeonekana kwamba wao ndio hurudi kufanya kazi huko. Madaktari wetu wamejaa mjini, na huko Walikale mama mwenye mimba hubebwa kwa machela siku nzima.

Sasa, mama yangu wa Ndosho, jibu lako ni hili. Baba mdogo amekosea, lakini si kwa yote. Namba 57 haikumfungia binti yako mlango. Imemwambia tu kwamba misingi yake ina nyufa mahali fulani, na katika uganga mwaka wa kwanza hauna huruma: hujaa watu, na wengi huanguka. Masomo yale ni ya miaka sita na zaidi, na ada hulipwa kila mwaka. Akiingia na nyufa zile bila kuzitengeneza, fedha zitapotea kweli, kama alivyosema shemeji yako. Wala usikubali kumpa fedha mtu anayekuambia kwamba "atamsaidia apite"; wapo wengi wakati huu, nao huvaa suti.

Nilimwita binti nyumbani, nikampa karatasi yenye maswali ishirini, mke wangu akiwa anakaanga ndizi karibu yetu. Biolojia aliijibu vizuri, kuliko nilivyotazamia. Nilipomwuliza kwa nini anataka uganga hakuniambia habari za koti jeupe. Aliniambia juu ya mdogo wake aliyeugua kipindupindu, na jinsi muuguzi alivyomfundisha yeye kuhesabu vikombe vya maji ya chumvi na sukari usiku kucha. Alivikumbuka idadi yake. Lakini hesabu za kemia zilimshinda karibu zote. Hajui kupata uzito kutoka katika mlingano, na hilo ni jambo la darasa la nne alilolikosa kwa sababu ya kukimbia. Mtihani wa kuingilia u karibu. Tumepatana aje kila Alhamisi saa kumi, pamoja na wenzake wawili wa mtaa wake, naye ataleta chaki.