MASWALI YENU: Bunduki Mpakani

Swali: Nina bunduki yenye leseni ya Tanzania. Shemeji yangu wa Migori, Kenya, ananiita tukawinde. Je, naweza kuvuka nayo Sirari?

Jibu: Usivuke nayo, ndugu. Leseni yako hukoma mpakani. Kuingiza silaha ugenini kwahitaji kibali cha serikali ya huko, tena kabla ya safari. Nayo Kenya ilipiga marufuku kuwinda wanyama tangu mwaka 1977. Ukikamatwa, waweza kunyang'anywa bunduki na kufungwa. Nani atalisha watoto? Wala usiifiche mizigoni: huo ni udanganyifu. Wala usimwachie jirani, maana leseni ni ya jina lako. Waulize polisi wa kwenu jinsi ya kuihifadhi. Shemeji mpelekee mkungu wa ndizi, mkasali pamoja Jumapili.