Kompyuta za Biti 32 na Toroli ya Dharura

Tangu Debian 13 itoke Agosti 2025 nimepata meseji kadhaa zenye swali moja: mbona kompyuta ya zahanati (au ya shule, au ya dukani kwa mjomba) haikubali toleo jipya? Jibu fupi: Debian wameacha kutoa kisakinishi na kiini cha mfumo kwa mashine za biti 32, zile wanazoziita i386. Jibu refu ndilo linaloniudhi, kwa hiyo leo mnivumilie.

Jina hilo lina historia huku Texas. Mwaka 1986 kampuni ya Compaq ya Houston, mwendo wa saa kama nne kwa gari kutoka hapa Dallas, iliiwahi IBM kwa kutoa Deskpro 386. Mwaka 1991 Linus Torvalds akaanza kuandika Linux kwenye kompyuta yenye chipu ya 386. Na Linux hiyo hiyo ikaitema 386 katika toleo la 3.8 la mwaka 2013, ingawa chipu za biti 32 zilizofuata ziliendelea kupokelewa. Mtoto kamkana mzazi, jamani!

Watengenezaji wana sababu zao na wengi wanafanya kazi kwa kujitolea. Programu moja inabidi iundwe upya kwa kila aina ya mashine, na kila aina inataka kompyuta, muda, na mtu wa kuhangaika ikiharibika. Wao wenyewe wanatumia biti 64. Kitu usichokitumia hukioni kikivunjika. Anayekiona ni tabibu wa kijijini asubuhi ya kliniki ya watoto, foleni imefika mlangoni.

Wodini tuna toroli ya dharura. Inaweza kukaa wiki nyingi bila kuguswa. Hata hivyo kila siku muuguzi anaangalia lakiri, anaandika namba yake, anajaribu mashine ya kushtua moyo, anatia sahihi. Sijawahi kusikia mtu akisema mwezi uliopita hatukuitumia, basi tusiikague. Na kuiacha pale ikiwa tupu ni hatari kuliko kutokuwa nayo, maana watu watakimbilia hapo.

Ndiyo maana kwa hili Debian siwalaumu sana: wamesema wazi. Ninaowalaumu ni wale wanaoacha toleo la biti 32 kwenye ukurasa wa kupakua huku hakuna anayelijaribu. Hilo ni toroli tupu. Kama lipo, liundwe na kujaribiwa na mashine kila usiku, hata kama hakuna mtengenezaji anayelitumia. Kama limewashinda, waseme mapema na waendelee kuziba matundu ya usalama ya toleo la zamani kwa miaka kadhaa.

Kingine ni nani anahesabiwa. Juni 2019 Ubuntu walitangaza kuacha vifurushi vya biti 32. Wapenzi wa michezo ya kompyuta wakapiga kelele, Valve wenye Steam nao wakagoma, na ndani ya wiki moja Canonical wakalegeza na kubakiza baadhi. Zahanati haina Valve. Kompyuta isiyo na intaneti haionekani katika takwimu za mtu yeyote, kwa hiyo mezani kwao ni kama haipo.

Sasa yanayowahusu ninyi. Msitupe mashine! Nyingi zina mfumo wa biti 32 kwa sababu tu aliyezisakinisha alichagua hivyo, lakini chipu inaweza zote mbili. Fungueni dirisha la amri, andikeni lscpu, tazameni mistari ya juu. Mkiona "32-bit, 64-bit", hifadhini kwanza kumbukumbu za wagonjwa kwenye diski ya pembeni, kisha sakinisheni toleo la biti 64. Ikiandika 32-bit peke yake, bakini na Debian 12 kwa sasa na mniandikie aina ya mashine na GB za kumbukumbu. Nitajua ipi ya kubadilisha kwanza nikifunga mzigo wa Desemba.