MASTAA WANAPOSTI MIDOLI, MAMA WA MBAGALA ANALIPA

Desemba ikigonga tu, kurasa za mastaa wa Bongo zinageuka duka la midoli. Leo huyu kaposti mwanaye kakaa ndani ya kigari cha betri, kesho yule kaweka video mtoto anafungua maboksi kumi na mbili chini ya mti wa Krismasi unaogusa dari, keshokutwa mwingine ambaye hata mtoto hana anaonyesha kidude chenye meno kinaning'inia kwenye mkoba wake. Huko chini kwenye komenti ni makopakopa tu, "Mungu nami nione", "mama wa mfano".

Mwaka jana aliyefunga mtaa ni staa mmoja wa kike ambaye wadau wa Insta wanamjua hata asipotajwa. Video fupi tu. Jeep ya pinki ya betri, ile ya kupanda mtoto, ina taa, ina redio, ina rimoti ya mzazi. Mtoto anaruka kwa furaha, mama machozi yanamtoka, kapsheni ndefu ya jinsi alivyokulia kwenye shida na kuapa mwanaye hatayaona aliyoyaona yeye. Mwisho kabisa, chini ya emoji kama ishirini hivi, jina la duka.

Wiki mbili mbele duka lile lile likaposti Jeep ya pinki, ipo sokoni. Wapelelezi wa mjini wakazuum. Ubavuni kuna stika ya kipepeo, palepale mtoto wa staa alipoibandika kwenye video. Duka likakaa kimya, staa akafunga komenti.

Watu walicheka wiki nzima, lakini kicheko kile kilimkosa mtu mmoja, mama wa Mbagala anayekaanga mihogo asubuhi, ambaye mwanaye wa miaka sita aliiangalia ile video kwenye simu ya dada wa jirani labda mara hamsini.

Staa kula tangazo sio dhambi. Kazi ni kazi, na muziki wenyewe haulipi kama watu wanavyodhani. Kasoro inaanza pale tangazo linapovalishwa gauni la mapenzi ya mama. Mtu mzima akiona bango la soda anajua anauziwa soda. Mtoto wa miaka sita hajui, na mama yake akiona machozi ya staa anahisi anaambiwa yeye sio mama wa kutosha. Neno moja tu, TANGAZO, juu kabisa ya kapsheni, lingepunguza nusu ya maumivu haya. Mastaa wengi hawaliandiki kwa sababu wanajua likiandikwa machozi hayauzi tena.

Krismasi ya uswahilini haikuwa ya midoli hivi. Ilikuwa ya nguo. Gauni la mitepe, suruali mpya yenye mkunjo, kiatu namba moja kubwa ili kifike Pasaka, pilau, soda moja kila mtoto, halafu miwani ya plastiki ya rangi, saa ya mkononi isiyotembea na puto. Kwenye sikukuu ukikuta mtoto hana miwani ya plastiki basi ujue kaikalia. Mdoli mkubwa ulikuwa wa watoto wa Masaki na Mikocheni. Kilichobadilika ni simu. Mtoto wa Mbagala na wa Masaki sasa wanaangalia video moja, wanatamani kitu kimoja, ila pochi za wazazi wao hazijakutana bado.

Na wasije watu hapa na hadithi za magari ya waya na mipira ya makaratasi eti zamani watoto walikuwa wabunifu. Wengi wanaosema hivyo walikuwa wanatengeneza gari la waya huku wanalilia la dukani.

Kariakoo wao walishaliona hili mapema. Mzigo wa Krismasi hauagizwi Desemba. Kontena kutoka China linakula mwezi na zaidi baharini, bado bandarini, kwa hiyo mwenye akili analipia mzigo wake kabla Oktoba haijafika. Novemba wa jumla wanawauzia wa rejareja na wa mikoani. Kuanzia katikati ya Desemba mtaa unakuwa wa machinga, maturubai chini, vigari vinazunguka vyenyewe na kupiga kelele, midoli imening'inizwa kama nyama buchani. Kila siku inayosogea tarehe 25 bei inapanda, na mkesha wake usiku hakuna wa kukupunguzia hata jero. Tarehe 26 asubuhi kigari kile kile kinaitwa "chukua hata kwa buku saba dada angu".

Kuna kitu wateja wengi hawakijui. Wafanyabiashara wanaosafirisha mzigo kwa kuchangia kontena wanalipa kwa CBM, yaani kwa nafasi ambayo boksi linakula, sio kwa uzito. Mdoli ni kitu chepesi lakini boksi lake ni kubwa. Jeep ya betri ya mtoto inakula nafasi ambayo ingekaa mamia ya vidoli vya kuning'iniza kwenye mkoba. Kwa hiyo mteja anayelipia ile Jeep, kipande kizuri cha hela yake kinalipia hewa iliyosafiri ndani ya boksi. Na ndio maana vidude vidogo vikipata kiki mtandaoni Kariakoo inashangilia. Nafasi kidogo, faida nono, mzigo unaingia hata kwenye begi la mtu anayerudi na ndege.

Labubu ndiyo mfano wa karibu. Aliyeichora ni Kasing Lung, msanii aliyezaliwa Hong Kong akakulia Uholanzi, na kampuni ya Pop Mart ya China ikaanza kuitoa kama mdoli mwaka 2019. Ilikaa miaka bila makeke. Mwaka 2024 mwanadada mmoja wa kundi kubwa la Korea akaonekana nayo, dunia ikapagawa. Mei 2025 Pop Mart ikasimamisha kuuza Labubu kwenye maduka yake ya Uingereza kwa sababu wateja walikuwa wanapigana, na Juni mwaka huo huo huko Beijing Labubu moja yenye urefu wa mtu ikapigwa mnada kwa zaidi ya yuani milioni moja. Inauzwa ndani ya boksi lililofungwa, hujui umepata rangi gani mpaka ufungue. Ni mkeka kama mikeka mingine ya kubeti, huu tu una manyoya.

Sio mambo mapya kihivyo. Desemba 1996 Marekani na Canada walichanganyikiwa na mdoli unaocheka ukitekenywa, Tickle Me Elmo, baada ya mtangazaji mmoja wa televisheni kuuonyesha kwenye kipindi chake. Ulikuwa chini ya dola 30 dukani, nje ulilanguliwa kwa mamia ya dola. Huko Canada mfanyakazi wa duka alikanyagwa na wateja mpaka akavunjika ubavu, kosa lake ni kupokea boksi la Elmo mbele yao. Tofauti ya leo ni kwamba Bongo kinachogombaniwa ni feki.

Feki yenyewe mjini ina jina, Lafufu. Orijino ina meno tisa, feki kuna yenye saba, kuna yenye kumi na moja, kuna ambazo jicho moja linaangalia Kigamboni lingine Kibaha. Wadau wanazifanyia vichekesho na ni kweli zinachekesha. Ila Agosti 2025 mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba hizo feki ni ndogo na vipande vyake vinang'oka, mtoto anaweza kukabwa. Hapo mzaha unaisha. Kibaya zaidi ni vile vinavyowaka taa na kuimba, vinavyotumia betri bapa za mviringo kama za saa. Mtoto akimeza betri ile ikakwama kooni, inaunguza nyama ndani ya saa mbili tu. Mdoli wenye usalama kidogo una kifuniko cha betri chenye skurubu. Mdoli unaofunguka kwa kucha ya kidole ni wa kurudisha kwa muuzaji papo hapo, hata kama mtoto anagaragara chini.

Huyo muuzaji naye asionewe. Kapewa mzigo kwa mkopo, Januari hauuziki, akibaki nao ataukalia mpaka mwakani watoto wawe wamehamia kwenye kitu kingine. Sidhani hata yeye anampa mwanaye hicho kidude... wenye maduka wawili watatu walishakiri hilo wazi mtaani, kwamba wao wanunulia watoto baiskeli ya mtumba.

Rudi Mbagala. Mama wa mihogo hakupata Jeep, alipata kigari kidogo cha rimoti, Sh 35,000, usiku wa tarehe 24 huku anasukumwa na umati. Hela ilikuwa ya sare na madaftari. Shule ya serikali haina ada lakini mtoto haendi uchi, na daftari hazianguki toka mbinguni. Kigari kiliendeshwa Krismasi yote, tarehe 27 kikagoma. Mtoto alilia nusu saa, akachukua boksi lake akalifanya basi la mwendokasi, likadumu wiki mbili. Januari mama alikopa kwenye kikoba, akarudisha mwezi wa tatu.

Kuna watakaosema nani alimtuma. Ni swali rahisi kuuliza ukiwa huna mtoto. Ila ukweli mwingine nao usemwe. Kigari hakikununuliwa kwa ajili ya mtoto peke yake. Asubuhi ya Krismasi picha ilipanda status ya WhatsApp kabla mtoto hajakigusa. Mama naye alitaka aonekane, mashoga zake nao walikuwa wameposti za kwao. Staa anaigwa na muuza mihogo, muuza mihogo anaigwa na jirani, na wote wanaangaliana usiku wakiwa wamelala na madeni.

Mwaka huu staa yule yule tayari kaanza, kaweka stori ya mti wa Krismasi na maneno "surprise inakuja". Duka nalo limelaiki.

Mama wa Mbagala alishaongea na mwanaye toka Oktoba. Sare kwanza, imeshashonwa, iko kabatini. Mdoli utanunuliwa tarehe 26 bei ikianguka, watakwenda wote wawili Kariakoo, mtoto ataujaribu mwenyewe mbele ya muuzaji. Dogo alifikiria kidogo, akakubali, ila kwa sharti moja.

"Sawa mama, lakini miwani uninunulie Krismasi yenyewe."