TAHARIRI: NANI ALIPE GHARAMA ZA KUOKOA WAPANDA MLIMA?



Kila msimu vijana wetu wapagazi wa Kilimanjaro husaidia kushusha wagonjwa usiku kwa machela ya gurudumu moja, toka Kibo, mita 4,720, mpaka Horombo, mita 3,720. Ni kama kilomita 10 za mawe na baridi kali. Wapo wagonjwa waliopanda mbiombio, wapo waliokuja na viatu vya mjini.

Wengine wanasema, wamejitakia, waachwe huko huko. Sisi tunakataa. Mtu hapimwi mfuko ndipo aokolewe. Ashushwe kwanza, hesabu baadaye.

Lakini hesabu iwepo. Mgeni hulipa ada ya uokoaji pale getini. Helikopta na hospitali ziwe juu ya bima yake. Na aliyempandisha bila kumkagua mavazi, wala kumpa siku ya kuzoea hewa ya juu, huyo naye alipe.

Asiyepaswa kulipa ni kijana wa machela, ambaye pengine hata koti ameazima. Jasho lake la usiku ule lina bei.

Ndugu wapagazi, malipo ya uokoaji yaandikwe kabla hamjapanda. Mmoja mmoja hamtasikilizwa. Semeni kwa pamoja.